Nani Alimpa Vigga Kisu

"Mkono gani?"

"Jannik, shusha sauti. Watoto wanasikia."

"Nimekuuliza mkono gani uliomshika mwanangu! Huu?"

"Huo umeshonwa, usiu..."

"Ndo huu, eeh? Ndo huu?"

Akaukamata mkono wangu wa kulia juu ya bandeji, akaukaza kama mtu anayekamua dekio. Nyuzi za ndani zikavutika moja moja. Niliona nyota asubuhi kweupe.

"Inauma?"

"Inauma."

"Safi. Sasa tunaelewana."

Halafu kichwa chake kikanipata puani. Siyo ngumi, kichwa. Nikarudi kinyumenyume, mgongo ukagonga vigingi vya makoti ya watoto, kimoja kikanichoma chini ya sikio. Mabuti ya mvua yakamwagika, ovaroli za baridi zikanidondokea. Nikajikuta nimekaa sakafuni katikati ya makofia ya sufu, damu inaingia mdomoni.

Watoto walikuwa wamejipanga kwenye benchi wanavuliwa viatu. Hakuna aliyelia. Frode tu, mtoto wa miaka mitano mwenye maneno kama mzee, ndo alitoa taarifa:

"Baba yake Vigga kampiga Bjarke."

Na Vigga mwenyewe alikuwa pale mlangoni, umri mmoja na Frode, kofia bado kichwani, hogo jeupe la mfupa uliovunjika, toka kiwiko mpaka kwenye vidole. Anatutazama kama anaangalia katuni.

Solvej akatoka mbio chumba cha wadogo, kitambaa cha maziwa begani. Mama mfupi, miwani minene, ana miaka mingi kwenye kazi hii kuliko niliyonayo mimi duniani. Akajipenyeza katikati yetu.

"Jannik, toka nje."

"Sogea, Solvej. Wewe sina shida na wewe."

"Mimi ninayo na wewe! Nimekulea humu humu, makamasi yako nimeyafuta kwa mkono huu. Toka nje!"

Jannik akamsukuma. Sidhani kama alitaka kumwangusha, lakini jamaa ana mabega kama mlango wa ghala. Solvej akapinduka na benchi, miwani ikaruka, na Jannik katika kurudi nyuma akaikanyaga. Krach.

Hapo nikasimama. Ngumi ilikuwa imeshajikunja yenyewe.

Ndo Annelise akatokea. Annelise ni mkuu wetu pale. Akasimama mlangoni mwa ofisi yake, akatumia ile sauti ya upole inayonichefua:

"Jannik, mpenzi. Njoo. Kahawa iko tayari."

Na jamaa akaenda! Akapita juu ya vioo vya Solvej, akaingia ofisini, akanywa kahawa.

Kama wiki iliyopita hukunisoma, kaa nikueleze haraka.

Naitwa Bjarke. Ni msaidizi kwenye chekechea ya Vibereden, hapa mjini Holstebro. Shule niliitupa nikiwa na miaka kumi na tano, nikaenda kukata nguruwe machinjioni mpaka mgongo ukagoma. Nikaja huku nikidhani watoto ni rahisi kuliko nguruwe. Sikujua kitu. Nguruwe anakufikia akiwa ameshakufa.

Siku ile ya balaa wenzetu walikuwa wagonjwa, na mtu wa kuziba hakuitwa. Nikatolewa nje peke yangu na watoto wa chumba cha wakubwa, tuchome mkate wa vijiti, unga unaouzungushia kijiti, kwenye moto.

Sasa kwetu mtoto wa miaka mitano anachonga kwa kisu. Kisu cha kweli. Bibi yake anamnunulia siku ya kuzaliwa, tunaimba, tunakula keki. Anafundishwa akae chini, asikaribiwe na mtu, achonge kwenda nje siyo tumboni. Na mtu mzima anakaa pale pale, hang'oki. Kukiwa na mtu mzima mmoja, na moto unawaka, visu vinabaki ofisini. Hilo kila mtu analijua.

Vigga alikuwa ndani anapiga mayowe na kurusha viti. Mara namwona anakuja kwenye majani, kisu mkononi, kimeshatoka kwenye ala. Annelise amesimama mlangoni anapaza sauti: "Mwache achonge, Bjarke! Akichonga anatulia!" Akafunga mlango.

Frode akakwapua kijiti cha Vigga. Vigga akanyanyuka na kisu, anamwendea usoni. Mkono wangu mmoja ukakamata kisu upande wa makali. Mwingine ukakamata kifundo cha mkono wake.

Tak. Kama kijiti kikavu.

Niliwaachia hapo.

Sasa utajiuliza, mtoto mwenye hogo kaletwaje chekechea? Kwetu mtoto akiumwa mzazi anapewa siku ya kwanza. Zinazofuata utajua mwenyewe. Jannik na mkewe wote wako kiwanda cha mitambo ya upepo, zamu zao zinapishana. Kwa hiyo jamaa alimleta mwanawe kwa mtu aliyemvunja mkono, akampiga huyo mtu, akamwachia mtoto, akawahi zamu.

Na mimi mbona sikurudishwa nyumbani? Kwa sababu nani angebaki na watoto? Mshtakiwa mwenyewe ndo alikuwa mtu wa zamu.

Nikaenda kuosha uso kwenye choo cha watoto. Masinki yenyewe yanafika magotini, inabidi upige magoti kama unaswali. Solvej akaingia na mfuko wa njegere za friji, akanikandamizia puani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, kama ya mtu mwingine.

"Tulia. Haijavunjika."

"Umejuaje?"

"Yangu imevunjwa mara mbili. Moja kwa kichwa cha mtoto, moja kwa mlango. Tulia nimekwambia!"

"Solvej, mimi naacha."

"Acha."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Acha. We kijana, unafikiri kwa nini watu wanakimbia hapa? Kung'atwa? Mimi nimeng'atwa mpaka nina alama kama bodi ya mishale. Mtoto aking'ata ana sababu. Jana kuna mtoto wa chumba changu aliniambia Solvej nibebe, nikamwambia subiri kidogo. Nikambadilisha huyu, nikamlisha yule, nikapokea simu, nikamtenganisha huyu na yule. Niliporudi alikuwa amelala sakafuni na mabuti miguuni. Amechoka kusubiri. Nikaenda nyumbani, mume wangu ananiuliza mbona huli."

"Sasa wewe mbona hujaacha?"

"Kila jioni naacha. Asubuhi wanakuja na vile vikofia."

Akaondoa njegere, akanitazama pua, akazirudisha kwa nguvu kupita kiasi.

"Lakini leo," akasema, "leo nimetupwa sakafuni mbele ya watoto niliowafundisha wasisukumane, na aliyenitupa kapewa kahawa. Hilo ndo linanitoa, Bjarke. Siyo meno."

"Ulisikia Annelise alivyosema siku ile? Mlangoni?"

"Dirisha langu lilikuwa wazi. Nimesikia kila neno. Achonge, akichonga anatulia."

"Utasema?"

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya yeyote."

"Nitasema," Solvej akasema.

Nikamwamini. Nilikuwa na njegere usoni, ungefanyaje?

Annelise hakuniita ofisini. Alinifuata jikoni nakata matango ya watoto kwa mkono mmoja. Akafunga mlango, na huyu mama mlango huwa hafungi. Mimi ndo kabisa, mwanaume sehemu hizi hafungi mlango wowote akiwa na mtoto. Hata nikimbadilisha mtu nepi, mlango unakuwa wazi mpaka barabarani wananiona. Nimezoea. Nilidhani nimezoea.

"Jannik na mkewe wanakuja jioni, saa ya kuchukua watoto," akasema. "Wanataka kusikia maelezo. Kutoka kwako."

"Nitawaeleza."

"Utaeleza kwamba visu ulivitoa wewe."

Nikaacha kukata.

"Rudia."

"Ulivitoa wewe, ukidhani utawamudu peke yako. Ni kosa la kijana. Watu wanasamehe vijana. Utaacha kazi mwenyewe, kimya kimya, na mimi nitakusemea vizuri popote utakapokwenda. Ukibisha, Jannik anaenda polisi leo leo. Mtoto kavunjwa mkono na mwanaume aliyekuwa peke yake naye. Unajua wataanza kuuliza nini."

"Wewe ndo ulimpa kisu!"

"Nilimpeleka nje. Kisu sikukiona."

"Ulipaza sauti mlangoni, Annelise! Achonge!"

"Nani alisikia?"

Jina la Solvej lilikuwa kwenye ulimi, nikalimeza. Annelise akakaa juu ya kreti la maziwa na ghafla akawa mtu mzee.

"Unadhani mimi ni shetani," akasema. "Nimewaomba manispaa mtu mmoja zaidi mpaka wameacha kupokea simu zangu. Siku ile nilikuwa na huyo mtoto ofisini anarusha viti, mwingine ananitapikia, simu inaita. Nikikubali hili, wanafunga hapa. Watoto wote hawa wanaenda wapi? Solvej anaenda wapi? Wewe una miaka ishirini na mbili. Utapata kingine."

"Siyo kwa watoto. Nikikubali, sitagusa tena mtoto wa mtu."

"Si unataka kuacha? Umemwambia Solvej. Kuta hizi nyembamba."

Ndo hapo aliponipata. Ni kweli nilitaka kuacha. Lakini kuacha ni kutundika aproni na kusema kwaherini. Kutolewa na jina la mvunja watoto ni kitu kingine. Hilo jina unaenda nalo dukani, unaenda nalo kwa mama yako.

Na nikwambie ukweli wangu wote. Katika maisha yangu hii ndo kazi pekee niliyowahi kuiweza. Vigga alikuwa anakalia mapaja ya mtu mmoja tu kwenye nyumba ile nzima. Yangu.

Mchana mvua ikanyesha, tukatoka nje. Mvua kwetu siyo sababu ya kukaa ndani. Watoto wanachimba matope, mimi nimesimama na pua yangu.

Teke. Kwenye ugoko.

Nikageuka. Vigga, na mfuko wa plastiki juu ya hogo.

"Hilo la nini?"

"La mkono."

"Sawa. Umemaliza?"

Akanipiga lingine.

"Sasa nimemaliza."

Akakalia buti langu. Tukawa tunaangalia mvua.

"Baba kakutoa damu."

"Kidogo."

"Ulilia?"

"Chooni."

"Mimi nililia kwenye gari tu. Kwa daktari sikulia. Daktari alikuwa na mdomo unanuka samaki."

"Inauma bado?"

"Inawasha. Ndani, pasipofikika."

Nikavunja kijiti chembamba, nikamchokonoa taratibu ndani ya hogo. Akafumba macho kama paka.

Sasa hapa ndo pa aibu, na mimi nawaandikia ili niseme. Niliangalia kama Annelise yuko dirishani. Hayupo. Nikainama.

"Vigga. Nani alikupa kisu?"

"Unajua."

"Mimi najua. Baba hajui."

"Annelise. Alisema nikachonge nje ninyamaze."

"Ungeweza kumwambia baba leo akija?"

Mwanaume mwenye ndevu, anamwomba mtoto wa miaka mitano amwokoe. Ndo nilivyofanya.

Akachimba matope kwa kisigino.

"Baba atapiga mtu."

"Hatapiga."

"Akikasirika anapiga. Mlango wetu wa choo una tundu, tunaonana."

"Leo hapigwi mtu, Vigga. Nakwambia mimi."

"Hata wewe hupigi?"

"Hata mimi."

Akanitazama pua, muda mrefu, kama fundi anayekagua gari lililogongwa.

"Nitasema," akasema. "Lakini nasema nikiwa nimesimama kwenye kiti."

Jioni watoto wengi walikuwa wameshachukuliwa. Tukakaa chumba cha wakubwa, kwenye vile viti vya watoto, magoti yamefika vifuani. Mimi, Solvej na miwani yake imefungwa kwa plasta, Annelise na birika la kahawa. Jannik upande wa pili, bado na jaketi la kiwandani. Mkewe zamu haikumruhusu. Vigga alikuwa kona ya vitabu, ameshika kitabu juu chini.

Annelise akamimina.

"Bjarke ana kitu cha kusema," akasema.

"Ninacho," nikasema. "Kisu sikutoa mimi. Annelise alimtuma Vigga nje akiwa nacho, akapaza sauti nimwache achonge. Mimi nilikuwa peke yangu na moto. Mwanao alikuwa anakwenda kumchoma Frode machoni. Nilimshika kwa nguvu nilizokuwa nazo. Mkono kuvunjika, pole. Nakupa pole mbele ya watu. Lakini kisu siyo mimi."

Jannik akageuka kwa Annelise. Huyu mama hata kikombe hakikutetemeka.

"Inasikitisha," akasema.

"Solvej alisikia," nikasema. "Muulizeni."

Wote wakamgeukia Solvej. Annelise akamsogezea kikombe.

"Solvej, kabla hujasema," akasema polepole, "siku ile zamu ya nje si ilikuwa yako na Bjarke? Wawili? Nakumbuka vibaya?"

"Ulinirudisha ndani, kwa wadogo..."

"Nilikurudisha? Au uliingia mwenyewe sababu ya baridi, ukamwacha kijana peke yake na moto? Hilo nalo litaulizwa. Na wewe umebakiza kidogo ustaafu. Haya, sema. Ulisikia nini?"

Solvej alinitazama kupitia kioo kimoja kilichobaki.

"Dirisha lilikuwa limefungwa," akasema. "Mvua ilikuwa inapiga. Sikusikia."

"Solvej!"

"Sikusikia, Bjarke."

Siku ile haikunyesha hata tone. Moto ungewakaje?

Nikawa nimekaa pale kwenye kiti cha mtoto, nimebaki mtupu. Mama aliyeniwekea njegere usoni asubuhi ndo huyo anaangalia kahawa yake.

Hapo tukasikia kiti kinaburutwa.

Vigga. Amekileta kwa mkono mmoja toka kona ya vitabu mpaka katikati ya chumba. Akapanda goti moja, akapanda la pili, akasimama. Hogo kifuani.

"Mimi nataka kusema," akasema.

"Vigga, shuka, utaanguka," Annelise akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ufa.

"Mwache mtoto aseme," nikasema.

"Kisu," Vigga akaanza, "kisu alinipa..."

"Subiri." Jannik akainua mkono. Hakuwa anamtazama mwanawe, alikuwa ananitazama mimi. "Mbona mtoto anakuangalia wewe kabla ya kusema?"

"Hajaniangalia."

"Umemfundisha. Mmekaa mahali wawili mkapanga. Lini? Wapi?"

"Nje, mbele za watu, Jannik. Msikilize mwanao."

"Kwanza niambie kitu. Mimi nimekuwa najiuliza toka juzi." Akainamia meza, akatabasamu na meno. "Kijana mzima. Ana misuli, ana afya. Anatafuta nini kwenye nyumba ya watoto wadogo? Wenzako wako viwandani, wewe unataka kuwavua watu chupi. Ukiwa nao peke yako kule chooni, mikono yako inakwenda wapi? Mkono umemvunja. Wapi pengine umemshika?"

Nilisikia Solvej anavuta pumzi.

Nikwambie kilichonipita kichwani? Hakuna kilichonipita. Ile milango yote niliyoiacha wazi, baridi ikinipiga mgongoni, nisije nikasemwa kwa mtoto wa mtu. Hata hiyo sikuikumbuka wakati ule. Naikumbuka sasa.

Meza ilipinduka kwanza. Birika likampata Annelise mapajani, akapiga ukelele. Ngumi ya kwanza ikamkuta Jannik bado anatabasamu, meno yakanichana vidole. Akaanguka na kiti chake. Nikamfuata chini. Alinipata moja kwenye mbavu, nzuri, ya mtu anayejua kupiga. Nikakaa juu ya kifua chake nikampiga mdomo uliosema yale maneno. Nikampiga tena. Nyuzi zikafumuka, bandeji ikawa nyekundu, sikusikia maumivu, kila nikishusha damu inaruka na sijui ni yake au yangu.

"Bjarke! Inatosha!"

Mikono ya Jannik ilikuwa imeshalegea. Alikuwa haniangalii tena. Nikashusha nyingine. Nasema kweli, ile ya mwisho ilikuwa tamu. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyekuwa ananipiga, nilipiga kwa sababu ilikuwa tamu.

"Bjarke! Mtoto!"

Solvej alikuwa ameninasa shingoni kwa nyuma kwa kitambaa chake cha maziwa, ananivuta kama mbwa.

Nikainua kichwa.

Vigga alikuwa bado juu ya kiti. Hajasogea. Tone la damu limeruka mpaka kwenye hogo lake jeupe, linashuka polepole. Hakulia. Alikuwa ananitazama mkononi, ule mkono niliomwambia leo haupigi mtu.

"Vigga," nikasema. Pumzi haikutosha. "Vigga, mimi..."

Jannik akajigeuza ubavu, akatema kitu, akajaribu kukaa. Uso wake haukuwa uso. Lakini alipoongea aliongea kwa upole, sauti sijawahi kuisikia toka kwake.

"Mwanangu. Njoo kwa baba. Au kaa hapo hapo, usiogope. Ulikuwa unataka kusema. Sema. Nani alikupa kisu?"

Annelise alikuwa amebana sketi iliyolowa kahawa, mdomo wazi. Solvej akaachia kitambaa. Nje kuna mzazi alikuwa anamwita mwanawe avae kofia.

Vigga akamtazama Annelise. Akamtazama baba yake, pale kwenye damu. Halafu akanitazama mimi.

"Bjarke," akasema.

"Vigga!"

"Bjarke ndo alinipa."

Akashuka kwenye kiti kwa makalio, maana mkono mmoja haukumtosha. Akakanyaga chini kwa soksi. Akanipa mgongo, akatembea taratibu kwenda chumba cha makoti kutafuta mabuti yake.